Kizibuo Kilichoanguka Mkekani

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya posa kule Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, na hasira ya siku ile bado ninayo, haijapungua.

Nilikuwa kijana mwenye duka dogo Kimisagara. Nilikusanya vizibuo vya mvinyo vya kale, vile vidogo vya kutia mfukoni. Wapishi wa Wazungu wa Kiyovu waliniletea, tukabishana bei mpaka kila mmoja aone ameibiwa. Mvinyo wenyewe sijauonja mpaka leo. Nilipenda ufundi tu: chuma kilichojisokota kinalala ndani ya ala yake, na ukikichomoa, ala hiyohiyo unaipitisha kwenye tundu la juu, inakuwa mpini. Jirani yangu Saidi, fundi cherehani, ndiye aliyenishonea vifuko vya kuvihifadhia. Alijua kila kitu.

Basi tulikwenda na wazee wangu kumposa Zaina, Saidi naye akiwemo. Nilipoinama kukaa, kizibuo kikaniponyoka mfukoni, kikaanguka mkekani. Mjomba wa Zaina akakiokota.

"Mwislamu anafungua nini na hii? Soda?"

Watu wakacheka. Nikaeleza habari ya ala na mpini. Kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuonekana mlevi.

Mjomba akamgeukia Saidi. "Wewe iko jirani yake. Anakunywa?"

Saidi akatazama mkeka. "Mimi sijui mambo ya watu, Mzee."

Posa ikaishia hapo. Zaina akaja kuolewa Butare.

Tulipotoka, Saidi akanishika mkono kichochoroni. "Pole, ndugu yangu. Mimi najua hunywi."

"Mbona hukusema ndani?"

"Yule mzee ndiye ananipa kanzu za Idi nishone."

Mtu kuuzwa, mwanangu, hilo nalielewa, mimi ni mfanyabiashara. Lakini kwa kanzu? Na wala hakuomba nyongeza.

Wananiambia nisamehe, ni mambo ya zamani. Ya zamani kwao.

Kwa hiyo sikiliza. Ukijua ukweli wa mwenzako, useme palepale anaposhitakiwa, mbele ya wanaomhukumu, hata kama mmoja wao ndiye anayekulisha. Usiusubirishe mpaka kichochoroni. Pole ya kichochoroni haimrudishii mtu kitu, inakusaidia wewe tu upate usingizi.

Mungu akupe ulimi usioogopa mteja, na siku utakayoulizwa habari zako mbele za watu, akukalishe karibu na mtu atakayejibu. Amina.