Blanketi la Mama Mkwe

Jamani, jambo hili nimelificha miaka na miaka, na hata sasa naona aibu kulisimulia, ila kwa kuwa shemeji yangu ameshawapa nusu yake na chumvi juu, acheni niseme mwenyewe, maana fundi wa siku hiyo nilikuwa mimi (na fundi nilikuwa kweli, pale Musoma, Mukendo nzima gari likikorofisha walikuwa wananiita mimi).

Mdogo wangu Masatu alikuwa anakwenda kuoa Bunda. Ilikuwa ile miaka vitu vimeanza kurudi madukani baada ya dhiki ndefu, na tulikuwa tumebahatika kupata blanketi jipya la kumpelekea mama mkwe wake, jekundu, zito, ukiligusa hutaki kuliachia. Upande wa bibi harusi walishatuonya kwamba mchungaji ana ndoa nyingine kijiji cha mbali, saa sita anaondoka, awe ameifungisha yetu au hajaifungisha. Sasa mimi nikaona blanketi la namna ile kulifungia kwenye sanduku ni ujinga, acha Bunda yote ione kwamba hatukuja kutania, nikalitandaza mbele ya pikapu yetu kuukuu, kutoka taa hii mpaka taa ile, nikalikaza kwa kamba za katani hadi kwenye bampa. Likapendeza! Nilirudi nyuma hatua tatu nikajipongeza.

Hatujafika hata njia panda ya Butiama, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu na mvuke umetanda.

"Thamostati hiyo," nikasema, hata boneti sijafungua.

Nikakitoa kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, nikakitupa porini kwa madaha, tukajaza maji, tukaondoka. Ikachemka tena. Nikasema mkanda wa feni umelegea, nikaukaza (haukuwa umelegea, lakini niliukaza). Ikachemka mara ya tatu, na hapo watu waliokuwa wanatoka mnadani wameshatuzunguka, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya nikawaambia gasketi imekufa.

Masatu, suti imeshamganda mgongoni, akanisogelea. "Kaka, si tulitoe hilo blanketi? Mvuke huwaga unaharibu nguo."

"Wewe kazi yako kuoa. Gari niachie mimi."

Tukaingia Kabasa, kijijini kwao bibi harusi huko Bunda, saa saba na nusu, tunatambaa, tunatoa moshi. Mbele ya kanisa mchungaji ameshapanda baiskeli, na mama mkwe ameng'ang'ania usukani wake, anambembeleza tangu saa sita asiondoke. Nilishamwona mdogo wangu anarudi Musoma bila mke kwa sababu ya gasketi.

Mama mkwe akamwachia mchungaji, akaja akalizunguka gari, akalipapasa blanketi lake lililokuwa la moto na limelowa.

"Baba, nani amelifunika gari blanketi na jua hili?"

"Mimi, mama," nikajibu, bado najidai.

"Sasa litahemea wapi?"

Mungu wangu. Rejeta! Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inapoa kwa upepo wa mbele, jambo hilo nimewafundisha watu kwa mdomo wangu huu huu, na upepo wenyewe nilikuwa nimeuzibia nje tangu Mukendo. Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alicheka mpaka ikabidi ashuke kwenye baiskeli, na alipokwisha kushuka mama mkwe akamshika mkono akamwingiza ndani, ndoa ikafungwa.

Jioni tulirudi Musoma na bibi harusi, na gari halikuchemka hata mara moja.

Tangu siku ile nikiitwa kutazama gari linalochemka, sigusi spana kabla sijazunguka mbele na kuangalia kwa macho yangu. Ufundi sijauacha. Ila Bunda nikienda kusalimia na kulala, mama mkwe wa Masatu hulitoa lile blanketi, bado lina mistari myeusi ya vyuma vya grili ya gari, hunitandikia mwenyewe, kisha husimama mlangoni.

"Jifunike, fundi. Ila kichwa kiache nje."