Ufunguo wa Hilkka

Mimi nilikuwa mkata miti. Mke wangu Hilkka aliandika programu. Ilikuwa ndogo, ya kubana mafaili, lakini iliingia kila mahali, hata kwenye mitambo inayoleta maji moto ya kupasha nyumba zetu joto, huku kaskazini mwa Finland. Aliigawa bure, maandishi yake wazi, anayetaka asome.

Mdogo wake Jorma yuko kampuni kubwa. Alipokuja kunywa kahawa, hawakukosa kutaniana.

"Dada, umeacha mlango wazi, dubu wataingia."

"Na nyie mmefunga mpaka madirisha. Kikioza kitu humo, nani atajua? Kula mkate unyamaze."

"Kwetu kila mstari unakaguliwa, na mkaguzi tunamjua sura."

"Kwetu inakagua dunia nzima, mdogo wangu."

Kisha Hilkka akaugua. Watu asiowajua wakaanza kumwandikia kwa ukali: mbona unachelewa, si umpe mwingine? Na huyo mwingine alikuwapo. Tavi. Hatukuwahi kumwona. Alimwandikia Hilkka kila siku, mpole, hachoki, anarekebisha hiki na kile. Desturi yao ni hiyo: afanyaye kazi hupewa ufunguo, haulizwi kwao wapi. Mwenye ufunguo hubadili programu na kuitoa kwa watu.

Hilkka akampa. Siku hiyo alilala vizuri.

Alikufa theluji ya kwanza ilipoanguka.

Baada ya maziko tuliketi kunywa kahawa, Jorma akasoma kwa sauti kadi za maua. Brazili. Japani. Watu wasiowahi kumwona, wanamlilia. Akafika mwisho, akatafuta tena.

"Shemeji, ya Tavi iko wapi?"

"Haipo."

"Labda hajajua."

"Nilimwomba jirani amwandikie. Hajajibu."

Jorma akaweka kikombe chini. "Lakini programu ameitoa mpya, juzi. Sisi tumeshaiweka. Na mitambo ya maji moto ni yetu. Akiwa ameficha kitu humo, anaweza kuizima."

"Si mnakagua kila mstari?"

"Tuliouandika sisi. Huu wa dada..." Akafuta uso. "Ulikuwa wazi, shemeji. Tulidhani wengine wanausoma."

"Na hao wengine?"

Jorma alitoka koti likiwa wazi, keki yake haijaguswa. Tangu hapo simu yake haipokelewi.

Asubuhi nagusa bomba la ukutani kabla ya kuvaa. Bado lina joto. Nashika shoka, natoka kupasua kuni.