Funga Namba Zikae Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa karakana ya magari ya kubeba kahawa, Bukoba mjini, na kosa langu ni kulipiga tairi teke. Tangu utoto nilikuwa nimewaona madereva wakifanya hivyo: mtu anazunguka gari, anapiga teke kila gurudumu, anatikisa kichwa kana kwamba ameambiwa siri. Msimamizi wa karakana, mzee mfupi wa Maruku asiyecheka, akaniita pembeni.

"Umesikia nini?"

"Upepo umejaa, waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya.

"Umesikia kiatu chako. Tairi halipigwi teke, linasomwa. Nenda kwenu, kesho uje na macho."

Nikarudi Ijuganyondo kwa miguu, nimenuna, na kesho yake nikaja mapema kuliko wote. Msimamizi hakunisalimia. Alilaza tairi kubwa sakafuni, akachukua kitambaa, akasugua ubavu wake mpaka maandishi yakatoka. Akaniambia nimsomee. Nikasoma kila kitu, hata jina la nchi lilikotengenezwa. Akasema hayo ndiyo macho aliyoyataka.

Kwa hiyo nyinyi mafundi wa leo mnaochomoa tairi kwa mashine na simu iko sikioni, nisikilizeni. Nimefanya kazi hii tangu magari ya hapa yalipokuwa ya kuhesabika mpaka nimestaafu juzi juzi, na nina hasira. Sitaificha. Anayetaka kumbukumbu tamu atafute mzee mwingine.

Ubavuni mwa tairi kuna saizi kwanza: upana, halafu urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana, halafu kipimo cha rimu. Baada ya hapo kuna namba ya uzito, inayosema tairi linabeba kiasi gani, na herufi ya mwendo, inayosema linahimili kasi gani. Kisha kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo haujakanyaga lami. Unakauka, unakuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye mvua haushiki chochote. Bukoba hapa mvua tunayo ya kugawia wengine, kwa hiyo mwenye kusahau tarehe ameyasahau maisha ya mtu.

Karakana ilipofungwa nilihamia duka la matairi mjini, chini ya Meneja wa duka, mama mmoja Mlutheri aliyekuwa na sauti ndogo na msimamo mkali. Wakati wake ndipo yalipoanza kuja yale magari ya juu yenye roho ya magari ya mashindano. Mnayajua. Yamesimama kama magari ya shamba, lakini injini yake inataka kuruka, na yanavuta kwa miguu yote minne. Desemba watu wetu wanarudi nayo kutoka Dar es Salaam, yameoshwa, yamepakwa mafuta, na lazima yaonekane kanisani kabla hayajaonekana nyumbani.

Meneja alinifundisha kuyachagulia matairi. Aliniambia, "Mteja atakuuliza lipi linapendeza. Wewe muulize anapita wapi, anabeba nani." Gari zito lenye nguvu ukilipunguzia namba ya uzito au herufi ya mwendo, umelivalisha ndala mtu anayekimbia. Ukibadilisha mawili tu kwenye gari linalovuta kwa minne, duara zinatofautiana na gia zinasagana, kwa hiyo badilisha yote manne, ya aina moja. Na yale mazuri ya mbio mengi hayana sura moja pande zote. Kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, upande mmoja ni pana za kushika kona na upande mwingine zina mifereji ya kutoa maji. Ndiyo maana ubavuni wameandika, kwa Kiingereza, upande wa kukaa nje na upande wa kukaa ndani. Ukiligeuza, umeharibu akili yote ya aliyelitengeneza. Meneja alimrudisha mteja nyumbani mara nyingi kuliko kumuuzia kitu kisichofaa, na duka halikufa. Lilikuja kuuzwa tu alipougua.

Aliyelinunua akafungua tawi Muleba, akanipeleka huko. Huyu hatukumwita Meneja. Alitaka aitwe Mkurugenzi. Kijana wa watu, amesoma, suruali imenyooshwa, na Kiingereza chake kilikuwa kinawanyamazisha hata watu waliosoma kumzidi. Stoo yake ilijaa matairi yaliyokaa sijui wapi sijui miaka mingapi. Yalikuwa na kashata nzima, yanang'aa kwa dawa nyeusi. Yalionekana mapya. Nikasugua ubavu kwa kitambaa nikasoma zile tarakimu nne, nikakaa chini juu ya ndoo.

"Mkurugenzi, haya ni mazee."

"Mzee, haya hayajatumika hata siku moja."

"Hayajatumika, ndiyo. Yamezeeka."

Akacheka, akanishika bega. "Tarehe iko upande mmoja tu, si ndiyo? Basi funga namba zikae ndani."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo nilivyofanya. Naandika hapa kwa mkono wangu: nilifanya. Mwanzoni yalikuwa matairi ya kawaida yasiyo na nje wala ndani, nikajiambia afadhali, yamekaa sawa. Nilijua ni upuuzi. Lakini nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu wa kazi, nyumba yangu ya Nyanga haijaezekwa upande wa jikoni, na mtu mzima akishaanza kujitungia sababu hakosi. Desemba nzima ya mwaka mmoja nilifunga namba ndani. Wateja walinipa mkono, wengine wakaniletea lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikainywa.

Desemba iliyofuata, ya mwisho kwangu, akaja Dakta. Si wa hospitali, ni Dakta wa vitabu, anafundisha chuo huko Dar. Gari lake lilikuwa mojawapo ya yale ya mbio, na tairi la nyuma lilikuwa limevimba ubavuni kwa kugonga shimo, mengine yameisha, vipara vitupu. Nyuma alikaa mama yake, Ma Yustina, mjane wa kijijini pale Muleba, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa na miadi Bukoba ya kufanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Mzee, nahitaji manne, leo hii," Dakta akasema. "Mama akikosa kesho, nafasi nyingine sijui ni lini."

Saizi yake tulikuwa nayo seti moja tu. Nikaitoa. Namba ya uzito sawa, herufi ya mwendo sawa. Nikasugua ubavu. Mazee kabisa, na tarehe ilikuwa upande uleule ulioandikwa ukae nje. Yaani ili kuficha tarehe, ingenibidi nifunge tairi kinyume, mifereji ya maji ikae isikotakiwa.

Nikamwendea Mkurugenzi ofisini. Nikamwambia haya siyafungi. Akatoka nje na mwavuli, akaanza kunigombeza mbele ya mteja kwamba uzee umenifanya mwoga. Hapo damu ikanichemka. Nikalibingirisha tairi mpaka miguuni pa Dakta.

"Wewe ndiye msomi. Soma hapo. Hapa pameandikwaje?"

Akainama, akasoma. Aliliona lile neno, na zile tarakimu aliziona. Akamtazama Mkurugenzi. Na Mkurugenzi, bila hata kupepesa macho, akamjibu kwa Kiingereza kirefu, kisha akamalizia kwa Kiswahili ili na mimi nipate somo: kwamba matairi haya yametengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha upande wa kulia, sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo huku yanageuzwa. Na tarehe ile, akasema, ni namba ya mashine ya kiwandani.

Uongo wa kitoto. Mtoto wa darasa la nne angeuliza swali. Lakini Dakta alitikisa kichwa kukubali. Aliona haya kusema mbele za watu kwamba kuna kitu hakijui. Huo ndio ugonjwa wetu sisi Wahaya, tuuseme tu: mtu aliyesoma kwetu anaona bora afe kuliko kusema sielewi, na akiambiwa kwa Kiingereza ndiyo basi kabisa. Akaniambia, "Mzee, naona Mkurugenzi ameeleza vizuri."

Nikaendelea kugomba. Nilipaza sauti mpaka watu wa duka la jirani wakatoka. Nikasema mpira huu ni mkavu, nikasema hawezi kumpitisha mama yake kwenye ile miteremko na mvua hii. Mkurugenzi akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Umebakiza wiki mbili, Mzee. Zimalize kwa heshima." Nikachukua jeki. Nikayafunga yote manne kwa mikono hii, namba ndani, neno la ndani likitazama nje. Nikajaza upepo vizuri, nikakaza nati kwa mpangilio, eti kazi nadhifu. Ma Yustina akashusha kioo akasema, "Kasinge, Ta," asante ya Kihaya, akinitazama asinione.

Waliteleza kwenye kona, wakishuka, kabla ya kufika Muhutwe. Dakta hakuenda kasi, waliokuwepo walisema hivyo wote. Nyuma ya gari ilitangulia mbele, likaingia kwenye kahawa za mtu na kugonga mti ubavuni, upande aliokaa mama. Dakta alitoka mzima. Ma Yustina alivunjika nyonga. Miadi ya macho ikapita akiwa amelala wodi nyingine ya hospitali ileile, na madaktari wakasema mfupa kwanza, macho tutaona baadaye. Mkurugenzi alipopata habari alisema mvua ya mwaka huu imezidi. Dakta naye akasema mvua. Mpaka leo wanasema mvua.

Nilikwenda kumwona. Sikujua nitasema nini, nikabeba mkungu wa ndizi kama mtu anayekwenda kutoa pole ya kawaida. Nilipojitambulisha alinyoosha mkono akautafuta wangu, akaupapasa vidole, akauacha juu ya blanketi.

"Ni wewe uliyekuwa unagomba siku ile?"

"Ni mimi, Ma."

"Nilikusikia. Nikawa nasema moyoni, huyu akiendelea kidogo nitashuka." Akanigeuzia uso. "Mbona uliacha?"

Nimewahi kutukanwa na madereva wa malori, nimewahi kupigwa na spana, hakuna kilichowahi kunikata maini kama swali la yule mama. Hakuliuliza kwa lawama. Alitaka kujua tu.

Wiki ya mwisho Mkurugenzi akaniandalia sherehe ya kuniaga. Alikodi ukumbi Muleba, akaalika wateja wakubwa waliokuwa bado hawajarudi Dar, matoke yakapikwa, nyama, soda, kila kitu. Nje magari yalipangana, yanang'aa kwenye matope. Nilipokuwa naingia nilipita katikati yake na niliyajua mengi kwa sababu niliyafunga mwenyewe.

Mkurugenzi akasimama kuhutubia. Akasema mengi, mengine ya kweli. Halafu akasema kitu kikubwa alichokipenda kwangu ni utii. Kwamba vijana wajifunze kwa Mzee Kamugisha, mtu ambaye ukimwambia funga, anafunga. Watu wakapiga makofi. Akanipa kipaza sauti niseme neno la shukrani.

Vijana mnaosoma haya, mafundi mnaoanza, mtakutana na Msimamizi mmoja mzuri na Meneja mmoja mzuri kama mna bahati, na mtakutana na Wakurugenzi wengi. Mkono ulioshika spana ni wako, si wake. Gari likianguka yeye atasema mvua, na wewe utabaki unajua. Mimi hasira yangu kubwa si kwa yule kijana wa suruali iliyonyooshwa. Ni kwa mtu aliyekuwa amejua kusoma tairi miaka yote hiyo na siku ya kusoma kwa sauti akafunga mdomo baada ya kufoka kidogo ili aonekane alisema.

Nilishika kipaza sauti kile nikasema hivi: "Waitu, nawashukuru. Wote niliowafungia matairi hapa Muleba, mwaka huu na mwaka jana, nendeni sasa hivi mkaangalie magari yenu. Tafuteni tarakimu nne ubavuni. Kwa nje hamtaziona, nilizificha kwa ndani, niliambiwa nizifiche. Ingieni chini mzisome. Mbili za mwisho ni mwaka. Ni mazee, na mimi nilijua. Msirudi nayo Dar."

Mwanzoni hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa na watoto watatu mezani akasukuma kiti chake akatoka. Akafuatwa na mumewe, halafu na wengine, meza baada ya meza. Kupitia mlangoni niliwaona watu wazima wenye suti za Krismasi wakipiga magoti kwenye matope, vichwa vimeingia chini ya magari yao, wanasomeana namba.

Ukumbini tukabaki mimi na Mkurugenzi na sufuria za matoke.

"Mzee," akasema, "umefanya nini?"

"Nimestaafu," nikamjibu, nikaenda nje kuwashikia tochi.