Dadu ya Tatu

Mkebe uko chini ya kitanda, na siku hizi kuinama kuutoa ni kazi, kwa hiyo siufungui sana. Ndani mna dadu za ajabu ajabu nilizokusanya nilipokuwa karani wa mizani katika kinu cha kahawa huko Ruiru, miaka ya hali ya hatari, enzi za mkoloni. Sikuwahi kucheza kamari. Nilikulia katika nyumba ya kanisa huko magharibi, na kama baba angesikia nimetupa dadu kwa pesa angekuja mwenyewe kunirudisha nyumbani. Nilizipenda tu kama vitu.

Moja niliipata kwa askari Mzungu wa kambi ya jirani, nikampa mayai. Haikuwa na nukta, ilikuwa na taji na nanga. Binamu yangu, mhudumu katika hoteli ya pale kwenye maporomoko ya Chania, aliniletea nyingine yenye mfalme na malkia, pembe moja imevunjika. Nilikuwa na ndogo kama punje ya mahindi, na ya shaba iliyozunguka kama pia ya watoto. Wenzangu kwenye laini, nyumba za wafanyakazi, walinicheka. "Watu wananunua baiskeli," mmoja aliniambia, "wewe unanunua meno ya Wazungu."

Jumamosi lori la kinu lilikwenda Thika kuchukua magunia, nami nilikwenda nalo. Dereva alipokuwa akipakia niliingia katika duka la mzee mmoja Mhindi aliyeuza vitambaa, blanketi na taa za mafuta. Siku moja aliniona nikichezesha dadu mkononi. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na mbili ambazo sikuwahi kuona mfano wake. Zilikuwa ndefu kama kidole, za mfupa uliogeuka manjano, kila moja ina pande nne. Nikazihesabu nukta: moja, mbili, tano, sita.

"Tatu na nne ziko wapi, mzee?"

"Tatu na nne nabaki nyumbani," akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho kila mtu na kila kitu kilikuwa "na", "nachunga ng'ombe."

Akanieleza kwamba mchezo wao ulitaka dadu tatu. Ya tatu ilipotea walipohamisha duka kutoka Ruiru kuja Thika. Kabla ya hapo, yeye na mkewe walicheza kila jioni baada ya kufunga, tangu walipooana. Sasa macho ya mama huyo yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kushona wala kusoma. Lakini nukta za dadu zile zilikuwa zimechimbwa, na kidole chake kingeweza kuzisoma. Mzee alimwambia seremala achonge ya tatu kwa mti. Mama aliishika mara moja tu akairudisha.

"Mama nasema hii nyepesi sana," mzee aliniambia. "Naruka kama panya."

Miezi michache baadaye niliiona ya tatu. Mlinzi wa kinu alikuwa ameifunga kwenye ufunguo wa ghala ili usipotee. Aliiokota nyuma ya maduka ya zamani pale Ruiru. Ilikuwa na mstari mweusi uliochomwa kwenye ncha, kama zile mbili. Nilimpa sweta yangu, na nilipokuwa nikiivua nilijua kabisa dadu ile ni ya nani. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria mama. Nilifikiria mkebe wangu, na tatu zikiwa pamoja ndani yake.

Jumamosi iliyofuata niliiweka juu ya kaunta ya mzee. Mzee aliichukua akaisugua shavuni, kisha akaita kwa lugha yake, na mama akaja akipapasa rafu. Akaiviringisha katikati ya viganja, akacheka kwa sauti ya chini.

"Nataka nini, karani?" mzee akauliza. "Blanketi? Taa? Chagua."

"Nataka zile mbili."

"Halafu mimi nacheza na nini? Vidole?"

"Basi nirudishie yangu, mzee."

Katika duka lile hakuna aliyenunua kwa bei ya kwanza. Ulitaja yako, yeye akashika kichwa, ukageuka kama unaondoka, na ulipofika mlangoni akaita, "Kuja, kuja, usikasirike." Blanketi langu nililinunua hivyo, na suruali pia. Kwa hiyo niliipokea dadu kutoka mkononi mwa mama, ambaye aliitoa bila kubisha, nikaenda mlangoni polepole.

Hakuniita.

Nilisimama barazani kando ya fundi wa cherehani, nikijifanya naangalia kama lori limejaa.

"Umesahau kitu?" fundi akauliza.

"La."

Niliamini Jumamosi inayofuata angelegea. Na mimi pia nilikuwa tayari kulegea, ndivyo biashara ilivyokuwa. Ningekubali blanketi, au hata ningewaazima waicheze. Lakini kahawa iliiva, na wakati wa mavuno karani wa mizani hana Jumamosi. Ningeweza kumpa dereva dadu ile ndani ya karatasi aipeleke. Sikumpa. Niliona anayetuma ujumbe kwanza ndiye ameshusha bei.

Nilipopata nafasi ya kwenda Thika, Krismasi ilikuwa imekaribia. Mlango mmoja wa duka ulikuwa umefungwa. Mzee alikuwa amenyoa nywele zote.

"Mama nakufa," akasema. "Ile wiki ya mvua kubwa."

Nilimpa pole ya msiba. Kisha nikaitoa dadu mfukoni nikaiweka mbele yake.

"Chukua, mzee. Sitaki kitu."

Akaiangalia. Akaingia nyuma ya pazia, akarudi na zile mbili ndani ya kipande cha kitambaa, akazisukuma zote tatu upande wangu.

"Hapana, mzee."

"Wewe nasema nataka mbili. Hii mbili."

"Bei gani?" Mdomo wangu ulisema hivyo kwa mazoea, na bado nausikia.

"Hakuna bei," akasema, akaenda kumhudumia mwanamke aliyetaka utambi wa taa. Mwanamke akataja bei yake, na mzee akashika kichwa, kama siku zote, ila kwa sauti ndogo. Dereva akapiga honi. Nikaondoka nazo.

Sikurudi tena dukani mle. Safari za magunia nilimwachia mwingine.

Sasa macho yangu nayo yamechoka. Wajukuu hucheza ludo mezani, nami nikipata wa kunitolea mkebe naziviringisha zile tatu ndefu katikati ya viganja, naziachia, kisha nazisoma kwa kidole. Sita. Mbili. Tano. Kidole hakikosei. Mjukuu huuliza, "Babu, umeshinda?" Siku zote zile nilizosimama kwenye kaunta, sikuwahi kumwuliza mzee mchezo wenyewe unachezwaje.