Mlenda kwenye Rejeta ya Bwana Mkanda

Kaa karibu nami, msikilizaji wangu, na usicheke nikianza habari ya gari kwa harufu ya mboga. Mlenda ukichemka jikoni hunukia majani mabichi na udongo uliolowa, na mtoto akiunusa hujua kwamba ugali hauko mbali. Lakini mlenda huohuo ukichemka ndani ya chuma chenye kutu, pamoja na grisi na mpira uliopata moto, hutoa harufu nzito inayokaa kooni. Niliinusa mara moja tu maishani, mchana wa kiangazi, kule Maganzo, nikiwa msichana mdogo, na siku hiyo ilinuka pia damu.

Ni vizuri ujue kwanza Maganzo ya miaka ya hamsini ilivyokuwa. Ilikuwa kando ya machimbo ya almasi, na watu walikuja kutoka kila pembe ya nchi wakiwa na sululu, njaa na hasira. Wachimbaji walipigana kwa mipini ya majembe. Mwalimu alichapa, msimamizi wa machimbo alichapa, na baba za watu walichapa. Sisi watoto tuliweza kutofautisha kwa sauti tu fimbo inayotua mgongoni na ile inayotua miguuni, kama watoto wa kwingine wanavyotofautisha ndege. Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Ufundi aliupata vitani, Burma, na karakana yake ilikuwa banda la mabati mbele ya nyumba yetu, ukingoni mwa barabara. Alikuwa mtu mpole, na kwa kijiji chetu upole ulikuwa kama ugonjwa. Watu walimwonea huruma.

Msimu huo kulikuwa na Mzungu mmoja mnunuzi wa dhahabu, aliyekuwa akienda na kurudi kati ya Geita na Shinyanga kwa gari la michezo: viti viwili, halina paa, la kijani, limelala chini kama mamba. Jina lake halisi sikulijua. Watu walimwita Bwana Mkanda, kwa sababu kando ya kiti chake aliweka mkanda wa feni uliochakaa, na kwa mkanda huo alipiga watu. Aliyepigwa zaidi ni mjomba wangu Masanja, mdogo wake mama. Masanja ndiye aliyeliosha lile gari na kulijaza maji kwa debe kila jioni. Kugusa injini kwa spana hakuruhusiwa. Spana zilikaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa bwana wake.

Basi gari lilikuwa likipoteza maji. Si kwa kububujika. Lilipoteza kidogo kidogo, na wahenga walisema chururu si ndondondo. Jioni Masanja alijaza hadi shingoni mwa rejeta. Asubuhi Bwana Mkanda alifungua kifuniko, akakuta maji yamepungua, akauchukua mkanda. "Wewe tia maji jana? Wapi maji? Wapi?" Kila neno na pigo lake. Walipopita Maganzo, Masanja aliingia kwetu kupakwa samli mgongoni, na mama alimpaka huku akisaga meno.

"Acha kazi hiyo, mdogo wangu. Atakuua."

"Dada, hujalisikia likinguruma kwenye mteremko," alisema Masanja, akicheka na kuguna kwa maumivu kwa wakati mmoja. "Mtu aliyepanda gari lile harudi kuchunga ng'ombe."

Ndipo akafanya kosa ambalo nadhani lisingefanyika popote isipokuwa kwetu Usukumani. Unajua mlenda mkavu, ule tunaoanika na kutwanga kuwa unga? Ukitia kiasi cha vidole vitatu kwenye maji ya moto, hujaa chungu kizima na kuteleza kama kamasi. Masanja alifikiri: kitu kinachojaza chungu kitashindwaje kujaza ufa? Akachota viganja viwili kwenye kibuyu cha mama, akaenda akamimina kwenye rejeta. Na mlenda ulifanya kazi. Kwa muda mfupi maji hayakupungua, na mjomba hakupigwa. Alituambia kwamba hapigwi tena, kwa furaha kama mtu aliyepona homa, bila kutaja mlenda. Lakini rejeta, msikilizaji wangu, imejaa vijia vyembamba kuliko majani ya ngano, na hewa hupoza maji yanapopita humo. Kinachoziba tundu hakijui tundu lipi ni baya na lipi ni jema. Kiliziba yote.

Siku niliyokutajia, gari lilitokea barabara ya Shinyanga likifuka mvuke, likasimama mbele ya banda letu. Bwana Mkanda akaruka chini kwa hasira, Masanja nyuma yake. Baba alipaza sauti, "Bwana, usifungue! Acha lipoe!" lakini yeye alikwisha kukizungusha kifuniko. Mlenda ulitoka kwa kishindo, wa moto, wa kahawia, ukamvaa shingoni na mkononi. Maji ya moto humwagika yakaisha, mlenda hung'ang'ania. Alipoupangusa, ngozi yake ilifuatana nao. Mama alitoka jikoni, akanusa mara moja, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameujua mlenda wa kibuyu chake.

Alichofanya Bwana Mkanda baada ya hapo ninakiona hata sasa. Hakuchukua mkanda. Alichukua spana ya magurudumu mlangoni mwa banda letu, akampiga Masanja mkononi, na mfupa ulilia kama kuni kavu. Masanja akaanguka. Akampiga mbavuni, akampiga tena mkono uleule. Masanja akalia kwamba ni mlenda tu aliotia, maji yasivuje. "Wewe toboa gari! Wewe tia sumu! Wewe kwenda jela, wewe kunyongwa!" Baba alipomshika, alichomoa bastola.

Mama akapiga mwano. Huo ni ukelele wa hatari wa Kisukuma, mkali na wa kupandisha, na kila mwanamume anayeusikia lazima aje na silaha, asipokuja ndiye adui. Walikuja kutoka mashambani na mashimoni, na marungu, mikuki na mipini ya sululu, wakalizunguka gari. Kijana mmoja akadhihaki, "Mzungu kala mlenda bila ugali!" na kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko matusi. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, akafika akihema. Kwa desturi, watu wa mwano hawatawanyiki mpaka mkosaji ajulikane. Naye mwanangwa aliiogopa serikali. Akasema, "Kama Masanja ametoboa gari la mtu na kumtilia sumu, leteni kamba. Nitampeleka bomani mwenyewe."

Baba akajiweka kati ya kamba na shemeji yake. "Mlenda ametia, amekiri," alisema. "Lakini mlenda ulitiwa kwa sababu maji yalikuwa yanavuja. Tutafute kwanza yanavujia wapi. Bwana, ukimpiga mtu, rejeta haizibi."

Nakueleza alivyofanya, maana alifanya polepole, bastola upande mmoja na marungu upande mwingine, kama mtu anayepukuchua mahindi. Kwanza alisubiri. Injini ya moto haiambii kitu. Mpira wa maji ukipata joto hutanuka na kujibana wenyewe, na uvujaji mdogo hupotea. Ndiyo maana Bwana Mkanda kila alipotazama baada ya safari aliona pakavu, na usiku gari lilipopoa maji yalidondoka mchangani, mchanga ukayanywa. Wakati wa kusubiri mama alimfunga Masanja mkono kwa vijiti na khanga, naye akiuma kona ya khanga ileile asipige kelele. Kisha baba alifungua koki ya chini, akatoa mlenda, akasukuma maji safi kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia yake ya kawaida, mpaka yakatoka meupe. Akajaza. Akafuta injini yote kwa kitambaa kikavu. Akamwomba mama unga wa udaga, yaani wa muhogo mkavu, akaupuliza juu ya kila mpira na kila maungio, injini ikawa nyeupe kama mcheza ngoma aliyejipaka chokaa.

Tukangoja. Tone moja likaanguka kutoka chini ya pampu ya maji, na watu wakapiga kelele, "Pampu! Pampu imetobolewa!" Kamba ikasogea. Baba akatikisa kichwa. "Maji hayaangukii yanapotokea," alisema. "Hutambaa kwanza, yakachagua pa kuangukia. Fuateni unga." Juu ya pampu palikuwa na mstari wa unga uliolowa, mwembamba kama uzi. Mstari ulipanda, ukazunguka nyuma ya mpira wa juu, ukaishia pale mpira unapovaa shingo ya rejeta. Pale hapakuwa na klipu, ile bangili ya chuma yenye skrubu. Palikuwa na waya, umefungwa kwa kukazwa mno hadi umekata mpira, kisha ukalegea kwa mitikisiko ya barabara.

"Weka kidole mwenyewe, Bwana," alisema baba. Bwana Mkanda akatia bastola mfukoni, akaweka kidole cha mkono wake mzima. Kikatoka na unga uliolowa.

Mwanangwa akauliza, "Waya huu kafunga nani?"

 Watu wote walikuwa wakitazama ule ufunguo wa sanduku la spana, shingoni mwa Bwana Mkanda.

"Mimi," alisema. "Mimi funga. Geita."

Kamba ikaanguka chini, na mlio uliofuata haukuwa wa watu. Walimjia. Baba akageuka, mgongo kwao, akainama juu ya injini, kati yao na Bwana Mkanda, na rungu la kwanza, la jirani yetu, lilimpata yeye begani. Hakugeuka. "Mkimwua hapa, kesho hakuna Maganzo!" alipiga kelele, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akipiga kelele. Chini ya mapigo alikata ncha mbovu ya mpira, akauvisha upya, akatia klipu kutoka kisandukuni mwake. Akakaza nusu mzunguko, akapitisha kidole. Akakaza nusu nyingine, akapitisha kidole. Mwanangwa na wazee walisukuma watu kwa mikuki iliyolala. Bwana Mkanda aliwasha gari, akaondoka bila neno, na mawe yakamfuata hadi kona. Kwenye mchanga, pale gari liliposimama, hapakuwa na tone jipya.

Mama alikuwa amekaa chini, kichwa cha mdogo wake mapajani. Akamwangalia baba, bega limevimba, mikono myeupe kwa udaga.

"Umelitibu gari, Baba Kabula," alisema, akimwita kwa jina langu. "Ndugu yangu bado anavuja."

 Mkono wa Masanja ulipona umepinda, haukuweza tena kushika usukani, na alirudi kuchunga ng'ombe wa babu. Hakwenda bomani, hakunyongwa. Hilo ndilo baba alilolinunua siku ile. Mama alijua hivyo, na hata hivyo kwa msimu mzima alimwekea baba chakula bila kumtazama. Nimezeeka nikijaribu kuamua nani kati yao alikuwa na haki. Sijaamua.

Leo barabara ile ina lami, na maji ya rejeta yana rangi, kijani au nyekundu, yanajitangaza yenyewe yakivuja. Magari yana mshale wa kukuonya kabla hayajachemka. Ungedhani na sisi tumebadilika kiasi hicho. Juzi nilikuwa Isaka, penye malori ya mizigo ya kwenda magharibi, nikamkuta dereva amemkaba utingo wake shati kwa sababu rejeta ilikutwa tupu. Akaniona, akasema, "Shikamoo, bibi," bila kuliachia shati. "Marahaba, mwanangu," nikamwambia, "lakini mwachie kwanza, tufungue boneti." Aliona haya, akafungua. Unga niliupata kwa mama lishe wa pale pale.

Nawe gari lako likipunguza maji, usimshike mtu. Asubuhi, kabla hujaliwasha, likiwa baridi kabisa, futa kila mpira wa maji na kila maungio kwa kitambaa kikavu, puliza unga mweupe, ungoje. Unga ukilowa, ufuate kwenda juu mpaka mstari uishe. Hapo kaza klipu nusu mzunguko, halafu pitisha kidole kikavu.