Gari Lililoinua Pua

Mimi si mtu wa kuongea. Kwenye ripoti yangu ya kidato cha pili mwalimu wa darasa aliandika kwamba niko kimya mno, na Baba alipoisoma akasema, "Afadhali. Nyumba hii ina waongeaji wa kutosha." Alikuwa anamsema bibi, mama yake, ambaye alikuwa amekaa palepale na akamjibu kwamba hata redio haijisifu kwa kunyamaza. Haya ninayoandika sijamwambia mtu. Siku tuliyokwenda kijiji cha Kaniha niliongea mbele ya wageni kuliko siku zote za maisha yangu, na nilichoongea kilikuwa uongo.

Sisi tunakaa Kanazi. Gari lenyewe ni pikapu aliyoiacha babu, ya Kiingereza, ya zamani kiasi kwamba Baba anajua tu alizaliwa akaikuta. Imebeba ndizi, maharage, kwaya, na wagonjwa wa kukimbizwa hospitali. Jumapili ilimbeba bibi. Alikaa mbele na mkoba wake magotini, sisi tukifuata kwa miguu. Sasa macho ya bibi yamepungua, anaona umbo la kitu tu, na magoti hayamfikishi kanisani. Pikipiki hataki hata kuisikia. "Mimi nimkumbatie kijana mgongoni kwa umri huu? Babu yenu atafufuka."

Kiangazi cha mwaka jana gari lilizima mlimani likiwa na maharage ya watu. Fundi akafungua injini, akatoa gia ya taimingi. Ni gurudumu lenye meno, kubwa kama kisosi. Nilihesabu meno yake: yanatakiwa kuwa arobaini na mawili, saba yalikuwa yamekatika. Fundi alisema bila hiyo injini haijui saa ya kuvuta wala saa ya kuwaka. Baba akamwambia bibi, "Mama, Krismasi utaenda na gari lako." Krismasi ikapita. Akasema Pasaka.

Spea ya namna hiyo huulizii kwa jina, unakwenda na sampuli yenyewe mkononi. Baba aliifunga kwenye fulana yangu ya michezo iliyochakaa, akazunguka nayo Ngara mjini, Nyakahura, Biharamulo. Mara mbili nilikwenda naye. Duka moja muuzaji aliigeuzageuza, akamwita mwenzake kutoka nyuma aje aone. "Mzee, hii umeichimba wapi?" Wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, nikatamani ardhi inimeze. Fundi mmoja wa kuchonga vyuma alimtengenezea ya kufanana, ikatoka uani kwetu hadi kona ya kwanza, ikapasuka. Rafiki yake Baba akaweka picha ya ile gia kwenye kundi la madereva la WhatsApp. Baba akanipa simu nimsomee majibu. Mmoja alikuwa ameweka vikatuni vinavyolia kwa kucheka, mwingine ameandika, "Peleka makumbusho pamoja na mwenyewe." Nikamwambia hakuna aliyejibu.

Halafu mtu wa mnadani Nyakahura akasema Kaniha kuna mjane mwenye gari kama letu, halitembei miaka mingi, lakini halijaguswa. Siku hiyo Baba alikula sahani mbili. "Kaniha ndiyo mwisho," alisema. "Kama haipo kule, basi, siitafuti tena." Ilikuwa likizo, akaniambia twende wote. "Macho yako mazuri. Utanihesabia meno."

Tulipanda gari hadi Nyakahura, kisha pikipiki, mimi katikati, begi la spana mgongoni kwangu na ile gia tumboni. Tulimkuta yule mama anaanika mihogo. Ni mzee, mwembamba, na shingoni amevaa rozari na ufunguo wa gari kwenye uzi mmoja. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na Baba hakutaja gari. Kwanza tulikunywa uji. Tukaulizana mvua, ng'ombe, ugonjwa wa migomba. Akalalamika kuhusu kuku wake mweupe anayeficha mayai, wiki ya pili hayaonekani. Ndipo Baba akafungua fulana na kuweka gia mezani, akaeleza mambo yote, hadi Pasaka ya bibi.

Mama yule aliishika kwa mikono miwili. "Kwa hiyo bibi yake huyu haendi kanisani?"

"Haendi, mama."

"Basi chukueni. Marehemu alikuwa akisema gari halifi mpaka mwenyewe alikatie tamaa. Mimi sijalikatia. Mkipata yenu nyingine mtanirudishia."

Baba akasema tu, "Mama, mama," kama mtoto.

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Lilikuwa chini ya kibanda cha nyasi, na nilishtuka, maana lilikuwa letu kabisa, rangi tu tofauti, na safi kuliko letu. Huliosha kila Jumamosi, alisema. Kwenye kioo alikuwa ameshona pazia la kitambaa chenye maua.

"Tena angalieni lilivyosimama," akasema. "Kuanzia masika yaliyopita limenyooka lenyewe. Mbele limeinuka kama kijana."

Baba akasimama. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona anaangalia matairi ya mbele, anaangalia springi, halafu tena matairi. Mimi sikuelewa. Nilidhani anafurahi.

Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama mtoto wa mwisho wa yule mama, mtu mzima mwenye ndevu na mke. Tangu tufike alikuwa ametusalimu kwa mkono mmoja na hakukaa nasi.

Baba akainua boneti kidogo, kiasi cha kichwa chake na changu.

Niliona majani. Niliona ardhi. Mipira ya maji ilikuwa inaning'inia, nyaya zimekatwa kwa panga, na pale inapokaa injini, uzito wote wa mbele, hapakuwa na kitu. Kwenye kipande cha chasisi kulikuwa na nyasi zimezungushwa vizuri, na kuku mweupe amelala juu yake. Alitutazama bila kusogea.

Baba akashusha boneti polepole, akaibana mpaka ikalia, akapangusa mikono isiyo na tone la mafuta.

"Mama, haifanani," akasema.

"Haifanani vipi? Si umesema ni lilelile?"

"Kwa nje. Ndani walibadilisha. Ya kwenu ni nyingine."

Yule mama akanigeukia mimi. "Wewe binti unasoma. Wewe ndiye mwenye kuhesabu. Ni kweli?"

Shuleni nikiulizwa swali ninalolijua, sauti inakwama. Pale nilimwona Baba anaangalia mguu wake, na yule mwenye ndevu ameshika fremu ya mlango kama mtu anayetaka kuanguka. Nikasema, "Ni kweli, bibi. Ya kwetu ina meno arobaini na mawili. Ya kwenu ina thelathini na nane." Hata sijui nilizitoa wapi. Nikaongeza, "Na ya kwenu bado nzima kabisa."

"Unaona!" akamwambia mwanawe. "Nzima kabisa." Akaushika ule ufunguo shingoni. "Poleni, wanangu. Ningewapa kwa moyo mmoja."

Alitufungia mihogo kwenye jani la mgomba. Kuhusu mayai hatukusema.

Mwanawe alitusindikiza hadi barabarani, ametangulia hatua mbili. Tulipofika akasema bila kugeuka, "Mzee, asante."

"Usinishukuru."

"Mtoto alikuwa anaumwa, mzee. Mama alikuwa kwa dada yangu, siku nne."

"Hata ile gia?"

"Vyote. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani, wakapima kwa kilo. Hawakuangalia nini ni nini."

Mimi nilikuwa naangalia fulana yangu ya michezo, jinsi ilivyofungwa fundo. Yule mtu akajikuna ndevu, kisha akasema kwa upole kabisa, kama anayetaka kulipa wema, "Namba yao ninayo. Wanafika hadi Ngara."

Nilingoja Baba amtukane. Baba akaniambia, "Nipe kalamu."

Aliiandika nyuma ya daftari langu, hili hili ninaloandikia. Ukurasa ule bado upo. Tulipofika Nyakahura, tukingoja gari, aliniuliza, "Thelathini na nane ulizitoa wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Ulisema vizuri." Ni mara ya kwanza kunisifia kuongea. Niliona aibu mpaka machozi.

Nyumbani bibi alikuwa mlangoni. "Mmeipata?" Baba akamwambia haifanani. Akalirudia neno hilohilo kwa mama yangu, kwa fundi, kwa kila aliyeuliza, na kila mara lilikuwa linatoka kirahisi zaidi. Bibi akasema, "Basi baada ya Pasaka." Baba akasema, "Ndiyo, mama."

Shule ilipofunguliwa nikawa kila asubuhi, kabla ya kuondoka, naangalia matairi ya mbele ya gari letu. Sikumwambia mtu kwa nini. Naangalia nafasi kati ya tairi na bodi, inaingia ngumi yangu moja. Wiki ya kwanza ngumi moja. Wiki ya pili ngumi moja. Nikaanza kudhani Baba amesahau ile namba.

Alhamisi niliporudi, ziliingia ngumi mbili na vidole. Udongo mbele yake ulikuwa umefagiliwa, lakini mafuta meusi hayafagiliki. Mama alikuwa ndani, hatoki. Baba hakuwepo. Bibi ndiyo kwanza alikuwa ameletwa kutoka sala za jumuiya kwa jirani, amekaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye gari.

"Wewe," akaniita. "Njoo. Macho yangu au ni kweli? Gari limesimama vizuri leo. Limeinua kichwa."

Nikasimama karibu naye na begi langu mgongoni.

"Baba yako amelitengeneza?"

"Bado, bibi."

"Lakini limekaribia."

Alikuwa anatabasamu, mkono umeutafuta wangu na kuushika. Nikasema, "Ndiyo, bibi. Limekaribia."