Kilio cha Dani kwenye Kitufe cha Tatu

Wacha nikiri mapema, kabla hujaanza kunihurumia: nilichukua kilio cha dani, nyanya yangu mzaa baba, nikakitia ngoma. Ndiyo, kilio cha matanga. Na huyo dani alikuwa bado anakula ugali vizuri tu.

Nimeyakumbuka haya likizo hii, nilipotumwa Homa Bay kufagia nyumba yake, nikavuta lile sanduku chini ya kitanda. Panya wamekula kona moja, lakini mashine zote mbili zimo. Zilikuwa za baba mdogo. Alikuwa akipiga gitaa kwenye harusi mpaka bendi ikavunjika, akaenda Macalder kuchimba dhahabu. Moja ni rekoda ya kaseti inayoshika sauti nne mbali mbali, ngoma peke yake, gitaa peke yake, kisha inazicheza pamoja. Nyingine ni sampla: unaipa sauti yoyote, inakaa nyuma ya kitufe cha mpira, ukibonyeza inalia. Alipoondoka aliniambia neno moja tu, "Usiguse." Mimi nilikuwa darasa la sita. Nikasikia, "Karibu."

Sisi tuliishi Suna, mjini Migori, ambako mama aliuza viatu vya mitumba, na kila shule ikifungwa nilitupwa kwa dani. Ungependa kule. Asubuhi uji wa wimbi wenye ukali wa ndimu, mchana harufu ya omena, dagaa wa ziwani, zikikauka juu ya neti, na kazi yangu kuzilinda dhidi ya kuku. Nilirekodi kila kitu: mchi kwenye kinu, mfuniko wa sufuria, jogoo wa jirani. Dani akinikuta na vipokea sauti masikioni aliniuliza, "Leo umefunga nani humo ndani?"

Siku moja nikamfunga yeye.

Kwetu mwanamke akienda kwa waliofiwa haingii kimya. Langoni anapiga nduru, na dani alijulikana kwa yake. Ilianza chini kama mtu anayeuliza swali, ikapanda, ikapanda, mpaka mbwa wakanyamaza. Watu waliitambua kutoka ng'ambo ya bonde. Mzee wa boma la pili alipofariki, nilipitisha waya wa maikrofoni kwenye ua, nikaidaka yote kwenye kaseti.

Wiki iliyofuata miguu ya dani ilivimba, akalazwa hospitalini mjini. Nikaachwa kwa jirani, mama mmoja muuza omena. Siku ya pili, mchana, nilirudi kwa dani, na nyumba ilikuwa kimya hadi nikasikia saa ya ukutani. Ukweli ni kwamba nilitaka tu kusikia sauti yake. Basi nikaiweka nduru kwenye kitufe cha tatu, nikaiamuru ijirudie, nikaunganisha spika kubwa ya bendi, nikabonyeza.

Rafiki yangu, nilijua mashine iko mikononi mwangu, na bado nywele zilinisimama. Dani alilia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akalia tena. Nje beseni likaanguka. Mwanamke mmoja akajibu kwa nduru, mwingine akapokea kule chini barabarani, na vilio vikaenda vikiteremka mlima, kimoja baada ya kingine. Nikabonyeza kuzima, kwa haraka nikagusa kitufe cha ngoma. Sasa dani akawa analia na ngoma inampigia. Nikang'oa waya ukutani.

Kukawa kimya. Kisha nikasikia miguu mingi nje ya mlango.

"Hiyo ni sauti ya mwenye boma," jirani alikuwa akisema. "Na mwenye boma yuko wodi."

"Basi amekuja kuaga," mzee mmoja akajibu, na hakuna aliyegusa mlango.

Nilifungua mwenyewe. Watu wakaruka nyuma. Jirani akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Wewe! Nani amelia humo?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine imefiwa na nani?"

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Tayari mtu alikuwa amempigia mama simu Migori, akamwambia kwamba mama mkwe wake ametuacha. Wakapiga wodini, hakuna aliyepokea. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba nduru isiyo na maiti huzunguka boma ikitafuta mtu. Nilikaa kwenye kigoda cha dani, mikono chini ya mapaja, nikihesabu pumzi zake kana kwamba ningeweza kuzisikia kutoka hapo. Nilijua nimemuua. Kila mtu aliyepita langoni niliona ndiye anayeleta habari.

Jua lilikuwa limeinama mama alipofika. Alikuwa amepitia hospitalini kwanza. "Yuko hai," aliwaambia watu, "na anauliza nani amefariki." Mimi hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliinyooshea mashine kidole. Akasema, "Futa. Nikiona."

Nikaifuta nduru kwenye sampla. Kaseti haifutiki hivyo. Inabidi urekodi kimya juu ya sauti, nasi tukakaa, mama na mimi, tukiisikiliza ikimmeza dani hadi mwisho.

Dani alirudi nyumbani baada ya siku chache, akaniuliza kama nilimlilia vizuri. Tulimzika mwaka jana. Palikuwa na jenereta, hema, na kijana wa kukodiwa aliyecheza nyimbo za maombolezo kwenye spika ndefu kuliko yeye. Wanawake waliingia langoni wakijipangusa macho, simu mkononi. Aliyejua kulifungua lango kwa sauti ndiye alikuwa kwenye jeneza. Hadi leo, nikiicheza kaseti ile, ni shiii tu, na mara moja, kwa mbali, kuku.

Baada ya mazishi mama alinivuta kando ya jikoni. Akauliza kama siku ile nilifuta kweli, au nilibakisha kidogo mahali, maana ananijua. Nikamwambia nilifuta yote. Ndipo akasema:

"Miaka yote nakwambia kitu husikii. Hiyo siku moja ndiyo uliamua kusikia?"